Mpe ruhusa kabla dau halijang'oa nanga

KAULI YA MWANAIDI
Na Mwanaidi Mbwana

Wavuvi wa pwani yetu ya Tanga, kuanzia Moa hadi Mkwaja, wakienda dago, kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, huweza kukaa huko siku nyingi. Kabla ya kuondoka huacha unga, huacha fedha ya matumizi, huaga wazee. Mwenye mke mjamzito namwomba aache na ruhusa: itamkwe wazi, mbele ya mama yake na ndugu zake, kwamba mke akiona dalili ya hatari aende hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri simu ya baharini ishike.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu mzima aombe ruhusa ya kuokoa roho yake. Hata mimi naona hapaswi kuiomba. Lakini mjamzito anayevuja damu saa nane za usiku hana nguvu za kubishana na wakwe, na mama mkwe aliyezaa watoto saba nyumbani atamwambia avumilie mpaka kuche. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa ucheleweshaji unaoua wajawazito katika sehemu tatu: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa baada ya kufika. Hizo mbili za mwisho tunazilalamikia sana, na tuna haki. Ile ya kwanza imo majumbani mwetu.

Nayo huanzia kwenye kutojua. Andrea Pembe na wenzake waliwahoji wanawake 1,118 wa Rufiji, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Karibu wote walikuwa wamehudhuria kliniki, lakini ni asilimia 26 tu walioweza kutaja hata dalili moja ya hatari wakati wa ujauzito. Walipimwa tumbo, wakapewa vidonge, wakarudi nyumbani bila kujua ni jambo gani linalopaswa kuwatoa kitandani usiku.

Dalili inayonitia hofu kuliko zote ni maumivu ya kichwa, kwa sababu tunayadharau. Miguu kuvimba jioni huwapata wajawazito wengi. Basi mwanamke akivimba uso na vidole mpaka pete haitoki, tunasema amenenepa, mimba imemkubali. Kichwa kikianza kumgonga anapewa panadoli alale. Kisha anaona ukungu au vimulimuli, anaumwa juu ya tumbo, chini ya mbavu. Hiyo ni presha ya mimba. Kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki 20, na mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi. Ikifikia degedege huitwa kifafa cha mimba, na hapo ndipo baadhi yetu hukimbilia ubani na kombe, maana mtu anayetupa viungo na kutoa povu huonekana amepandwa na pepo. Dua isomwe, lakini isomwe garini, njiani kwenda hospitali. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, na msimtie kijiko mdomoni. Hospitalini kuna dawa ya magnesiamu salfeti. Jaribio lililochapishwa mwaka 2002, lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu.

Damu nayo si ya kungojea. Ikitoka bila maumivu, msijipe moyo: huenda kondo la nyuma limekaa kwenye mlango wa uzazi. Tumbo likiwa gumu na maumivu hayaachii, damu nyingi inaweza kuwa imejificha ndani. Chupa ikipasuka kabla ya uchungu, mtoto akipunguza au kuacha kucheza, mama akihema kwa shida au viganja vikipauka, ni safari ya hospitali. Homa pia. Pwani hii ina malaria, na dawa ya kubahatisha ya dukani haimfai mjamzito.

Usafiri upo. Mfumo wa M-mama ulizinduliwa kitaifa Aprili 2022: piga 115 bure, mratibu atauliza dalili, na kama gari la wagonjwa liko mbali ataita dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Familia haimlipi. Namba hiyo iandikwe kwenye jalada la kadi ya kliniki na ukutani jikoni. Aliye Kipumbwi ana Mto Pangani wa kuvuka kabla hajaifikia hospitali ya wilaya, na huenda akapewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Kila saa anayozuiwa nyumbani inaongezwa juu ya safari hiyo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015/16. Ni hatua kubwa. Waliobaki katika hesabu hiyo bado ni mabinti zetu.

Na ruhusa hiyo isikome siku ya kujifungua. Katika arobaini tunamfungia mzazi ndani, tunamkanda kwa maji moto, tunamnywesha uji wa pilipili manga, na akilalamika kichwa au homa tunasema ni uchovu wa uzazi. Kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa, na damu inayolowesha kitambaa baada ya kitambaa huua ndani ya saa chache. Akisema anaumwa, atolewe ndani siku hiyo hiyo, hata kama arobaini haijatimia.