Gome la Muiri na Tezi Dume ya Mzee

Mzee anayeamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, kisha mkojo ukamtoka matone matone, hakosi mshauri. Jirani humtajia gome. Ushauri huo si upuuzi. Mti unaotajwa ni Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri na Wakalenjin tenduet, nao huota katika misitu ya mvua ya milimani, tangu Mlima Kameruni hadi Mlima Kenya na Kilimanjaro, na hata Madagaska. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya tezi dume itokanayo na gome hilo, na tangu hapo shehena zake zimekuwa zikivuka bahari kwenda Ulaya.

Tathmini ya Cochrane iliyokusanya majaribio 18 ya wanaume 1,562 ilikuta nafuu ya wastani: kuamka usiku kulipungua kwa takriban asilimia 19. Lakini majaribio yalikuwa mafupi, ya mwezi mmoja hadi minne hivi, na kilichopimwa ni kiini kilichokamuliwa kiwandani kwa viyeyusho vinavyotoa mafuta ya gome. Unga unaochemshwa kwa maji katika sufuria ni kitu kingine. Anayeuuza kwa kutaja utafiti huo anauza sifa za dawa nyingine.

Mti nao hulipa gharama yake. Sehemu ya ndani ya gome ndiyo hupeleka chakula cha majani mizizini. Likibanduliwa kuuzunguka mti wote, mizizi hufa njaa na mti hukauka ukiwa umesimama. Likitolewa kwa vipande viwili vya pande zinazokabiliana, mti wenye afya huweza kuliotesha tena. Tatizo ni kwamba mbanduaji hulipwa kwa kilo, na nusu anayoiacha leo aweza kuja kuichukua mwingine kesho. Biashara ya kimataifa ya mti huu iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES mwaka 1995, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasitisha kununua gome la Kameruni.

Lawama kubwa, basi, ni ya soko la nje, na si haki kumtwika mzee wa kijijini mzigo wa msitu mzima. Hata hivyo, kumkataza gome huku zahanati haina tamsulosin wala finasteride ni kumfukuza mgonjwa kwa maneno mazuri. Wanaotaka muiri ubaki msituni wangepaswa kuulizia pia kabati la dawa, jambo ambalo ni nadra kusikika katika mikutano ya uhifadhi.

Mhudumu naye aulize habari za gome bila dhihaka, kwani mzee aliyechekwa mara moja hatasema tena anachokunywa. Na mgonjwa ajue kwamba hakuna ushahidi kuwa gome hutibu saratani ya tezi dume, ambayo huweza kuanza kimya au kwa dalili hizi hizi. Mkojo ukiziba kabisa, ukiwa na damu, au ukiambatana na homa au maumivu ya mifupa, sufuria iachwe jikoni. Aliyezibwa mkojo anahitaji kuwekewa mpira siku hiyo hiyo.