Hofu ya Wengi na Mizani ya Sheria

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Naikumbuka methali hii kila nitafakaripo hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka wa 1997, iliyomhusu fundi wa mabomba wa kampuni ya reli jijini New York.

Fundi huyo alifanya kazi katika vumbi la asbesto kwa takriban miaka mitatu. Hakuugua, lakini aliishi na hofu ya saratani. Majaji waliamua kwamba asiyekuwa na dalili za ugonjwa hawezi kulipwa fidia ya hofu hiyo. Siku mbili baadaye, katika kesi ya Amchem, walikataa mapatano yaliyowaweka wagonjwa wa asbesto na wasiougua katika kundi moja, kwa kuwa maslahi yao yalitofautiana mno.

Sipuuzi tahadhari yao. Kila hofu ikilipwa, huenda mgonjwa halisi akakosa chake. Hata hivyo, hofu iliyopandwa na uzembe wa mwajiri si porojo. Nashikilia kuwa angalau gharama za kupimwa na daktari ziwe mzigo wake.

Kwetu, Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu kutetea haki za kundi mahakamani. Walimu, wafafanulieni wanafunzi tofauti hii: kushtaki pamoja ni jambo moja, kuthibitisha uchungu wa moyo ni jingine, na kila mmoja huubeba wake.