Ukivuliwa kitambaa, baki uwanjani



Leo turudi nyuma hadi Mei 30, 2010, katika mji wa Graz, Austria. Japani inacheza na England mechi ya kujiandaa kwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Beki wa kati wa Japani, Yuji Nakazawa, ana miaka 32, na watu wamemzoea kama nahodha. Siku hiyo kocha Takeshi Okada amempa kitambaa Makoto Hasebe, kijana wa miaka 26. Na kama hilo halitoshi, dakika za mwisho Nakazawa anajifunga, Japani inalala 2-1.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Nauliza kwa sababu nawajua waamini wenzangu. Mwenyekiti wa jumuiya akishindwa uchaguzi, Jumamosi inayofuata haonekani. Mwalimu wa kwaya akiletewa kijana anayesifiwa, anahamia Misa nyingine na kukaa benchi la nyuma. Nami si bora kuliko wao. Miaka kadhaa iliyopita niliondolewa katika wadhifa nilioupenda, akapewa padre niliyemzidi umri. Nilitii kwa mdomo, lakini kila alipokosea, moyo wangu ulifurahi. Dhambi hiyo niliipeleka kitubioni.

Nakazawa alibaki uwanjani. Kule Afrika Kusini alicheza mechi zote nne, nyuma ya nahodha mpya. Japani iliifunga Kameruni 1-0 na Denmark 3-1, ikafungwa na Uholanzi 1-0, kisha ikatoka sare ya 0-0 na Paraguay na kutolewa kwa mikwaju ya penalti. Ndani ya mechi hizo nne, ukuta wake uliruhusu mabao mawili tu.

Huyu hakuzaliwa na kitambaa. Alipomaliza sekondari hakuna klabu ya kulipwa iliyomchukua. Alikwenda Brazil kujifunza, akarudi na kuanzia chini kabisa Verdy Kawasaki, kama mchezaji wa mazoezi tu. Mwaka 2004, akiwa Yokohama F. Marinos, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Aliichezea Japani mechi 110, na akastaafu mwaka 2019 akiwa na miaka 40.

Katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume yumo mtu tunayempita haraka: Yosefu Barsaba. Alikuwa amefuatana na Bwana tangu mwanzo, sawa na Mathia. Kura ikamwangukia Mathia. Barsaba hakupata cheo, wala Maandiko hayasemi kwamba alinung'unika.

Sisemi kila anayevuliwa kitambaa ametendewa haki. Wapo wanaoondolewa kwa fitina, na hao tuna wajibu wa kuwatetea. Lakini hata aliyeonewa abaki na swali moja: je, nilikuwa natumikia watu, au nilikuwa natumikia kiti?

Ndugu yangu uliyesusa, rudi jumuiyani wiki hii. Mwenyekiti mpya hajui ni bibi yupi haoni tena njia na anahitaji kushikwa mkono, wala ni nyumba ipi ina mgonjwa anayesubiri Komunyo. Wewe unajua. Mwambie, kisha mfuatane.

Dominika njema.