Plagi isinunuliwe kwa kukisia

MAVUNO ya alizeti na vitunguu yanapoanza mkoani Singida, kila chombo chenye magurudumu hupata kazi. Pikapu na Noah hufuata magunia vijijini katika wilaya za Iramba, Mkalama na Ikungi, pikipiki hutoa mzigo shambani hadi barabarani, na wenye bustani huwasha pampu za petroli tangu asubuhi. Ni wakati huo huo ambapo wengi hugundua kwamba injini imepoteza nguvu, inakatakata kwenye mwinuko na inakunywa mafuta kupita kawaida.

Mara nyingi fundi huamua kubadilisha plagi. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi, lakini namna plagi inavyonunuliwa ndiyo inayotutia wasiwasi. Mteja hufika dukani na plagi ya zamani mkononi, muuza spea humpa inayofanana nayo, na ikishaingia kwenye tundu lake kazi inahesabiwa imekwisha. Tunasema utaratibu huo unawagharimu wananchi zaidi ya bei ya plagi yenyewe.

Tueleweke kwamba tunazungumzia injini za petroli. Fuso na matrekta ya dizeli hayatumii plagi za kutoa cheche.

Jambo la kwanza ni namba. Tuchukue mfano wa plagi ya NGK iliyoandikwa BPR6ES, ambayo ndiyo inayotakiwa kwenye injini ya Honda GX160 inayotumika katika pampu nyingi za umwagiliaji. Herufi B inaonyesha kuwa sehemu yenye nyuzi ina unene wa milimita 14. Ingekuwa D ingekuwa milimita 12, na C milimita 10. Herufi E inayofuata tarakimu ni urefu wa sehemu hiyo, yaani milimita 19. Mahali hapo pakiwa na H, urefu ni milimita 12.7 tu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Plagi ya E na ya H zenye unene mmoja huingia kwenye tundu lile lile. Fupi ikiwekwa penye kuhitaji ndefu, cheche hutokea mahali pasipostahili na masizi hujaa kwenye nyuzi za tundu. Ndefu ikiwekwa penye kuhitaji fupi, inaweza kugongwa na pistoni. Mtu aliyekwenda kununua plagi moja anajikuta anafungua injini nzima, na mzigo wake unaoza barabarani.

Tarakimu 6 inaeleza jinsi plagi inavyopoteza joto. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Kwa hiyo anayebadilisha kampuni asilinganishe namba kwa macho, bali aombe jedwali la ulinganisho dukani. Plagi ya moto kupita kiasi huweza kuunguza pistoni, na ya baridi kupita kiasi hushika masizi.

Jambo la pili ni mwanya, yaani nafasi kati ya ncha ya katikati na ile ya pembeni iliyopinda. Mwanya ukiwa mdogo, cheche ni dhaifu. Ukiwa mkubwa, cheche hushindwa kuruka injini inapobeba mzigo, na ndiyo sababu gari linalokwenda vizuri tambarare linaweza kukohoa likipanda mlima Sekenke. GX160 inataka milimita 0.7 hadi 0.8. Magari mengi ya zamani yanataka karibu 0.8, na mengi ya kisasa yanataka 1.0 hadi 1.1. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Wapo mafundi wanaopima kwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma. Unene wa kipande hicho ni kama milimita 0.6. Kinaweza kukaribia kipimo cha baadhi ya pikipiki, lakini kwa gari linalotaka 1.1 ni kosa kubwa. Vibati vyembamba vya kupimia nafasi, vyenye unene ulioandikwa juu yake, si chombo cha gharama ya kutisha na kila gereji inapaswa kuwa navyo.

Plagi ifunguliwe injini ikiwa imepoa, baada ya kupuliza vumbi lililozunguka tundu. Kinachopindwa ni ncha ya pembeni peke yake. Kauri na ncha ya katikati visiguswe, hasa kwa plagi za iridium ambazo ncha yake ni nyembamba mno. Wakati wa kurudisha, ifungwe kwanza kwa vidole hadi mwisho. Plagi mpya yenye washa hukazwa kwa spana kiasi cha nusu mzunguko tu.

Kabla ya kuitupa ya zamani, itazameni rangi. Kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli nyingi au chujio la hewa lililoziba, jambo la kawaida kwa vumbi la Singida. Plagi iliyolowa oili inaashiria ringi zilizochakaa, na nyeupe iliyoungua inaashiria joto kupita kiasi. Katika hali hizo, plagi mpya bila kutibu chanzo ni fedha iliyotupwa.

Kwa wauza spea, tunawaomba wauze kwa namba na watoe risiti. Bidhaa bandia zina Tume ya Ushindani ya kuzishughulikia, lakini mteja asiye na risiti hana pa kuanzia malalamiko yake. Kwa VETA na SIDO, tunashauri mafunzo mafupi yawafuate mafundi wa pikipiki na pampu huko huko minadani, kwa kuwa wengi wao hawawezi kufunga kazi kwa wiki nzima kwenda darasani.

Kwa mkulima na mfanyabiashara, ushauri wetu ni mmoja. Andika namba ya plagi na kipimo cha mwanya kwenye karatasi, ihifadhi ndani ya gari au kwenye boksi la pampu, na usikubali kuuziwa nyingine kwa maneno ya “hii nayo inaingia”. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini, ukuta huo ni pistoni mpya, na kwa mwenye gunia la vitunguu njiani ni msimu mzima.