Banda la Nishati Liko Ruzizi
Mwaka 1982 Wamarekani walifungua banda zima la nishati huko Florida, ndani ya bustani ya Epcot: watazamaji walikaa kwenye viti vinavyotembea, na paneli za jua juu ya paa zilichangia nguvu ya kuviendesha. Ningeambiwa nijenge la Bukavu, mji wetu wa Kongo, nisingenunua kiti hata kimoja. Ningewapeleka watoto pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika Ruzizi, mto unaoanzia karibu mita 1,460 juu ya bahari na kuporomoka takriban mita 700 kabla ya kuingia Tanganyika. Wasimame kwanza waisikie ngurumo. Mteremko huo ndio unaozungusha mitambo ya Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya Ruzizi II, ambayo umeme wake sisi Wakongo tunagawana na Rwanda na Burundi. Halafu (hapa wafadhili wangenuna) ningewapandisha jioni hadi Kadutu, mtaa wa Bukavu, taa zimezimika, wamtazame mama anayekwea mlima na gunia la makaa mgongoni, kamba imemkaza paji la uso. Haya, kiti kimoja ningenunua: cha kumpumzishia yeye.