Supamaketi Ikifika Eldas, Ijengwe kwa Ukuta Gani?

Wapo watu ambao wakisikia neno supamaketi, kinachowajia akilini ni kioo. Kioo mbele, kioo ubavuni, mlango unaofunguka wenyewe, na ndani baridi ya kukufanya utamani kabuti. Mimi sina ugomvi na biashara, wala sisemi kwamba watu wa Eldas hawastahili duka kubwa la kujihudumia kama walivyo nalo watu wa Mombasa na Nairobi. Ninalogombana nalo ni jengo.

Kwa msomaji asiyeijua, Eldas iko katika Kaunti ya Wajir, kaskazini-magharibi ya mji wa Wajir wenyewe. Jua la huko halina masihara. Mji huo ulijengewa kituo chake cha umeme, mbali na gridi ya taifa, chenye mitambo ya dizeli na paneli chache za jua. Na dizeli hiyo, ndugu zangu wa pwani, mnaijua inakotoka: hushuka bandarini Mombasa, ikapita bombani kwenda bara, kisha ikapakiwa kwenye malori na kuvuka mamia ya kilomita za nchi kavu. Kwa hivyo soda baridi ya Eldas imekwisha kula dizeli mara mbili, mara ya kwanza ndani ya lori lililoileta, na mara ya pili ndani ya friji iliyoipoza.

Sasa mlete huyo tajiri na jengo lake la kioo. Katika supamaketi nyingi, mashine za kupozea vyakula peke yake hula karibu nusu ya umeme wote wa duka. Tazama zile friji ndefu zisizo na milango, maziwa yamepangwa mbele kama vitabu rafuni, na baridi inamwagika sakafuni mchana kutwa. Mwenye duka hufurahi kwa kuwa mnunuzi haoni kizuizi. Lakini kituo kidogo cha umeme hakina pa kukopa. Mashine za duka zikianza kuvuta kwa pamoja saa nane ya mchana, ni nani atakayezimiwa, nyumba ya mama mjane au zahanati yenye chanjo za watoto?

Utajibiwa kwamba dawa ni paneli za jua. Ni kweli, na mifano ipo. Mwaka 2015 jengo la maduka la Garden City, Nairobi, liliezeka maegesho yake ya magari kwa paneli zenye nguvu ya kilowati 858, magari yakapata kivuli na maduka yakapata umeme. Mwaka 2019 Garissa ilifunguliwa kituo cha jua cha takriban megawati 50, na umeme wake ukaingia katika gridi ya taifa. Napongeza. Lakini kuweka paneli juu ya nyumba ya kioo ni sawa na kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka. Chuoni tulifundishwa kwamba israfu ya maji ya udhu ni israfu hata ukiwa ukingoni mwa mto. Sioni kwa nini jua lipewe hukumu nyingine.

Tuanze na ukuta basi. Wazee wetu wa Lamu walijenga kwa matumbawe na chokaa, ukuta unene wake kiasi cha dhiraa moja, dari ya boriti za mikoko, ua wazi katikati na vichochoro vyenye kivuli. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, na watalii huja kuupiga picha, nasi wenyewe tunajenga kwa kioo na mabati. Ukuta mnene hunywa joto mchana taratibu na kulitoa usiku. Huko Wajir utafanya kazi vizuri zaidi kuliko pwani, kwani hewa ni kavu na tofauti ya mchana na usiku ni kubwa. Madirisha ya juu yakifunguliwa usiku, joto lile hutoka. Mawe ya chokaa yapo huko huko ardhini. (Wajir ndiko wakoloni walikoanzisha klabu ya mashua, nao bahari hawaioni hata kwa darubini! Angalau nyumba za kupakwa chokaa nyeupe walizielewa.) Na aqal ya Wasomali, inayojengwa na akina mama kwa fito na mikeka, inatufunza jambo jingine: upepo uachwe upite.

Hata hiyo baridi yenyewe, si kila chakula kinaihitaji. Nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa kwa mafuta, hukaa miezi bila friji, kama ng'onda wetu. Duka linaloviweka vitu hivi mbele litapunguza friji zake. Zitakazobaki zitiwe milango, na gesi yake ichaguliwe. Kilo moja ya ile iitwayo R-404A ikivuja, huipasha dunia joto kama kilo zaidi ya 3,900 za hewa ya ukaa. Friji ndogo za propeni, jamaa ya gesi ya kupikia, zipo na zinauzwa.

Haya si mambo ya kungoja wataalamu kutoka Ulaya. Mwaka 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wenye maduka walilia, kisha vikapu vikarudi na biashara ikaendelea. Wakubwa wa Kaunti ya Wajir, siku watakapoletewa ramani ya supamaketi, kabla ya kupiga muhuri waulize mambo matatu tu: paa litapakwa rangi gani, ubavu mrefu wa jengo unatazama jua au unatazama kaskazini na kusini, na friji zina milango mingapi.