Doa Jeusi Katika Picha

Daktari akimdunga mgonjwa seli hai ili zimtibu, atajuaje kwamba zimefika zilikokusudiwa? Jawabu moja hutolewa na sumaku.

Kwanza seli hizo hulishwa, maabarani, chembe ndogo mno za oksaidi ya chuma. Zikishaingia mwilini, chuma hicho huvuruga uga wa sumaku wa mashine ya MRI, na mahali zilipo huonekana doa jeusi.

Mwaka 2005 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walitangaza matokeo ya wagonjwa 8 wa melanoma, saratani ya ngozi. Walidungwa seli zao wenyewe za kinga, kama chanjo, katika tezi za limfu, sindano ikiongozwa kwa ultrasaundi. Picha za MRI zilifichua kwamba kwa wagonjwa 4 seli hazikuingia barabara ndani ya tezi. Bila ya picha hizo, chanjo ikishindwa ingalilaumiwa dawa, kumbe ni sindano iliyokosa shabaha.

Hata hivyo, doa si ushahidi wa uhai. Seli ikifa, chuma husalia, na huenda kikamezwa na seli nyingine zisafishazo mwili. Ikigawanyika mara nyingi, chuma hupungua hata doa likafifia.

Basi anayeuziwa tiba ya seli kwa ajili ya mzazi au mwana, na aulize mambo mawili kabla ya kutoa fedha: itajulikanaje kuwa zimefika, na itajulikanaje kuwa zi hai? Picha ya sumaku hulijibu swali la kwanza; la pili hulibakisha.